Hema la Baba Juu ya Kamionete

Wewe uliyekulia Shituru, mtaa wetu wa Likasi, miaka ile ambayo simu ilikuwa kitu cha kuwekwa juu ya meza za wakubwa, huna haja ya kuelezwa harufu ya hewa yetu. Moshi wa kiwanda ulikwaruza koo. Shati jeupe la Jumapili lilianikwa ndani ya nyumba ili lisigeuke rangi. King'ora ndicho kilichotuamsha, kikatupeleka shuleni kwa masista, kikaturudishia baba zetu jioni wakiwa na vumbi kwenye nyusi. Nyumba zilikuwa sawasawa, mlango upande uleule, dirisha upande uleule, na mgeni asiyekuwa makini aliweza kuingia ya jirani, akavua viatu na kuomba maji ya kunywa. Wasichana tuliruka kamba katikati ya barabara. Wavulana walisukuma motokari zao za waya zenye magurudumu ya makopo. Jua likishuka ulisikia mwiko ukigonga sufuria ya bukari, ugali wetu, katika kila ua, na kwa harufu tu ulijua nani anakula sombe ya majani ya muhogo na nani leo amepata samaki.

Raha ya mtaa ule ilikuwa kujuana. Taabu yake ilikuwa hiyohiyo. Pale ambapo nyumba zote zinafanana, mtu akitundika pazia jipya tu, watu wanauliza limetoka wapi. Sasa fikiria baba yangu, ambaye mwanzoni mwa kiangazi kimoja alianza kujenga kitu juu ya motokari yake, na hakumwambia mtu yeyote ni kitu gani.

Baba alikuwa sudere, mchomeleaji wa vyuma, mtu wa maneno machache. Alikuwa na kamionete, pikapu ya zamani aliyoipata ikiwa imekufa, akaifufua kidogokidogo uani kwetu. Siku za mapumziko aliitumia kubebea watu makala, yaani mkaa. Jioni moja alirudi na rundo la mabomba ya vitanda vya chuma vilivyotupwa, akayashusha na kuwasha mashine yake ya kuchomelea. Watoto tulikatazwa kuutazama ule mwanga wa buluu, kwa hiyo tuliutazama kupitia katikati ya vidole.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri kuiangalia, nakiri. Kwanza aliinua fremu nzito iliyopita juu ya kichwa cha motokari na juu ya sehemu yote ya mizigo. Akaitandikia mbao za masanduku, akazipiga randa hadi zikalainika kama meza. Kisha akajaza mabomba mchanga mkavu, akaziba ncha zake kwa vipande vya mti, akayapasha moto na kuyapinda. Mchanga ulizuia bomba lisibonyee. Yakatoka yamejikunja vizuri, akayasimamisha juu ya zile mbao moja baada ya jingine, na motokari yetu ikaonekana kama inaotesha mbavu.

"Papa, ni nini?" nilimuuliza.

"Utaiona ikiisha."

Mama naye alipouliza alipewa jibu hilohilo, na Mama hakuwa mtoto.

Barabarani wenzangu walikuwa na majibu tayari. Mmoja alisema ni jeneza la mtu mnene. Mwingine, ambaye baba yake alipenda siasa, alisema tunajiandaa kukimbilia Zambia na kwamba hata sufuria zetu zilishafungwa. Nilicheka nao, lakini nikifika nyumbani nilizichungulia sufuria. Nilianza kumchunguza baba yangu. Niliangalia mifuko yake suruali ikifuliwa. Niliangalia uso wake akila.

Aliyekuwa na jibu lililotuumiza zaidi ni Mama Odile, jirani yetu wa upande wa kulia. Huyu mama alikuwa na moyo mwema na masikio marefu. Baba alimpenda, au tulifikiri anampenda, maana kila samaki wa ziwa la Tshangalele walipotufikia kutoka kwa ndugu wa Baba, yeye aliwapeleka moja kwa moja kwa Mama Odile. Alisema wale samaki hawakubaliani na tumbo lake. Mama Odile aliwapokea, akashukuru, akala, na jioni akaegemea ua wetu.

"Mama Régine," alimwambia mama yangu, kwa jina langu mimi mtoto wake, "weye unaangalia tu? Bwana yako iko anajenga nyumba ya pili. Tena ya kutembea. Mwanaume akijenga nyumba ya magurudumu, haitaki muke yake amukute."

Mama alicheka. Kisha akaingia ndani na kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Baada ya hapo ikaja habari ya cherehani. Baba alipata bashi, yaani turubai la lori, limechakaa lakini zito, likiwa bado na nusu ya maandishi ya tajiri fulani ambaye biashara yake ilishakufa. Alilikata kwa vipimo vya mbavu zake, akaliingiza sebuleni na kumwomba Mama amshonee. Sindano ya kwanza ilivunjika, na ya pili. Mama akaifunika cherehani yake, akaibeba hadi chumbani kama mtu anayemwondoa mtoto mbele ya ugomvi. Baba akarudi uani, akaanza kushona kwa mkono, kwa sindano ya magunia na uzi mweusi mnene.

Mama aliokota kipande cha uzi ule sakafuni akakikunja kidoleni.

"Hii uzi ni ya nyavu," alisema. "Unaitosha wapi?"

"Mu soko."

"Kwa nani?"

Baba aliendelea kushona. Wote tulijua kwamba uzi wa nyavu unaletwa mjini na wanawake wa Tshangalele wanaokuja na vikapu vya samaki. Na Mama Odile alikuwa ameshamwona Baba pembeni mwa soko akiongea na mmoja wao, mwanamke mrefu aitwaye Véronique. Alisema walikuwa wameinamisha vichwa, na Baba alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Kofia ile ndiyo iliyomchoma Mama. Baba hakuvua kofia kwa mtu ila kanisani.

Kama vile hayo hayakutosha, mchana mmoja walinzi wawili wa kiwanda walikuja kwa baiskeli. Mtu alikuwa amewaambia kwamba bashi la Baba limetoka mahali ambapo vitu havitoki bila karatasi. Baba hakugombana nao. Alilitandaza lote chini, akawaonyesha viraka na maandishi ya yule tajiri, wakazunguka, wakaligusa kwa ncha za viatu, wakaondoka bila kuaga. Baba alibaki amesimama pale akiangalia dirisha moja la jirani baada ya jingine. Tangu siku ile naye aliacha kusalimia watu. Jioni aliporudi kazini aliifunika kazi yake kwa magunia. Mtaa ulimshuku, naye akaushuku mtaa, na ndani ya nyumba Mama alitupakulia chakula bila neno. Mimi nililala nikisikiliza kama wanagombana, na kutogombana kwao kuliniogopesha zaidi.

Hema lilipokamilika, lilikuwa hema kweli. Hata waliomsengenya walikubali. Lilikuwa na mlango wa kufunga kwa vitanzi, dirisha dogo la chandarua, godoro la sponji, na ngazi ya chuma ya kuegemeza ubavuni. Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Baba aliweka dumu la maji na mfuko wa unga kwenye kamionete, akasema anakwenda mahali na atarudi kesho.

Mama alikuwa amemtangulia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, amevaa kitenge chake cha misa, mdogo wangu wa mwisho akiwa mapajani na furushi miguuni.

"Shuka," Baba alisema kwa upole.

"Hapana. Kule unaendaka, njo tunaenda wote. Kama iko na muke kule, anione. Kama iko na batoto, bacheze na ba kwangu."

Baba alisimama ameshika mlango. Nilifikiri atamvuta. Badala yake alizunguka, akaketi kwenye usukani, na sisi watoto tukarukia nyuma, chini ya zile mbao, ambapo palikuwa na kivuli kizuri na harufu ya chuma kipya. Mama Odile alikuwa kwenye ua wake akijifanya anafagia.

Njia nzima hawakusemezana. Vumbi jekundu liliingia hadi kwenye meno, hema likilialia juu ya vichwa vyetu, na kila tulipopita wanawake wenye vikapu Mama aligeuza shingo kuwaangalia. Nami nilikuwa nimeshaamua kwamba tunakwenda kumwona mke mwingine wa Baba. Nilikuwa namtengeneza kichwani, nikimpa sura ya Véronique, nikiwaza nitamwitaje.

Tulifika kwenye kijiji cha wavuvi, ziwa likiwaka kama bati nyuma ya nyumba. Mbele ya nyumba moja ya matofali alikuwa amekaa bibi mmoja aliyefunikwa blanketi katika jua kali. Alikuwa Kambo, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake Baba. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, alipokuja Likasi kwa ubatizo. Kando yake alisimama Baba Mukubwa, kaka yake Baba, mwenye mikono ya kamba na nyavu. Véronique hakuwa yule mke tuliyekuja kumtafuta. Alikuwa jirani yao, aliyetoka kutupokea, na alichokuwa akimletea Baba sokoni ni habari ya mama yake anayeumwa, anayeuliza kila siku mtoto wake mdogo atakuja lini.

Nilimwona Mama akishusha mabega. Lakini hakuyashusha kwa muda mrefu, kwa sababu Baba hakuingiza motokari uani. Aliisimamisha nje, mbali na nyumba, akapanda juu, akaanza kufungua mlango wa hema na kutandika godoro.

Hapa nieleze jambo ambalo wakati ule nililijua nusu tu. Kabla yangu mimi, wazazi wangu walikuwa na mtoto wa kiume, Placide. Alikufa kwa homa akiwa bado hajatembea, katika nyumba ileile ya matofali, walipokuwa wamekwenda kusalimia. Tangu hapo Baba hakulala tena kwa kaka yake. Kwa Mama alisema ni kazi. Kwa kaka yake alisema ni kazi pia.

Baba Mukubwa aliikaribia kamionete, akaishika ngazi, akaitazama kama mtu anayesoma.

"Nyumba yangu iko na makosa gani?" aliuliza.

"Haina makosa."

"Vyumba viko. Vitanda viko. Na weye unakuya na nyumba yako juu ya kichwa ya motokari, unasimama ku barabara sawa muntu wa kupita."

Baba alikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena. Wanakijiji walianza kusogea. Hema lile waliliona zuri, watoto walitaka kupanda, na wakubwa walikuwa wanaangaliana. Walielewa mapema kuliko sisi.

Ndipo Kambo aliposema anataka kupelekwa kule juu.

Tulifikiri ni homa inamsumbua. Lakini alilivua blanketi, akasimama, na ikabidi Mama na Véronique wamsukume, Baba amvute kwa juu, ngazi ikitikisika na bibi akilaumu kila kipandio. Alipofika alijiweka vizuri juu ya godoro, akagusa bashi, akagusa mishono.

"Umeshona muzuri," alimwambia Baba. Kisha akachungulia chini. "Na weye, mukubwa, panda."

Baba Mukubwa alipanda. Nafasi ilikuwa ya watu wawili wembamba, kwa hiyo wakakaa magoti yakigusana, miguu ya Baba ikining'inia nje ya mlango.

"Régine," Kambo aliniita, "tosha ile ngazi. Peleka kule mbali."

Nilimwangalia Mama. Mama alitikisa kichwa kukubali, akanisaidia kuibeba.

Tuliokuwa chini tulisikia kuku na maji tu. Kisha Kambo alisema, "Minye niko nakufa, haiko siri. Sitaki kuzikwa na bantu wawili benye kuogopana. Semeni."

Baba ndiye aliyeanza. Alisema kwamba baada ya msiba alikwenda kwa mtu mmoja wa maombi. Yule mtu alimwambia mtoto hakufa kwa homa, aliliwa kwa uchawi. Alimwambia aliyemla ni mtu wa damu yake, katika nyumba waliyolala.

"Na uliamini," Baba Mukubwa alisema.

"Sijue. Kama ningeamini kabisa, singekuya hata leo. Kama singeamini, ningelala mu nyumba yako. Njo maana nilijenga hii kintu."

"Na samaki minye nilikuwa nakutumia?"

Mama, kutoka chini, ndiye aliyejibu. "Mama Odile njo alikulaka. Yote."

Mtu mmoja kati ya wanakijiji alicheka, akanyamaza haraka. Mama alikuwa ameshasogea hadi ubavuni mwa kamionete, chini kabisa ya miguu ya Baba, mtoto akiwa mgongoni. Habari ya yule mtu wa maombi alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Sijawahi kumsikia akiongea taratibu namna ile.

"Baba Régine, unisikie. Placide alikuwa na homa mbele ya kutoka Likasi. Nilikuambia pale tulingojea lori. Nilikuambia tumupeleke kwanza ku lopitali. Ulinijibu ni joto, itapita."

Nilikuwa naiona miguu ya Baba. Vidole vyake vilijikunja.

"Umesikia?" Kambo aliuliza.

"Nimesikia."

"Ulikuwa unajua?"

Ziwani mtu aliita mwenzake, akaitikiwa.

"Nilikuwa najua," Baba alisema.

Nilitegemea Baba Mukubwa atamtukana, na nadhani kijiji kizima kilitegemea hivyo. Alikuwa na haki. Lakini kilichosikika kutoka ndani ya lile hema ni mtu mzima akilia, na hadi leo sijui ni yupi kati yao, maana wakati huo Mama alitugeuza sisi watoto tuangalie ziwa. Tuliporudisha macho Kambo alikuwa anaagiza ngazi irudishwe, akisema miguu imekufa ganzi.

Mchana ule tulikula kwa Baba Mukubwa. Mke wake alileta bukari na samaki wabichi wa mchuzi, na maji kwenye jagi. Baba alinawa mikono, akakaa, na mkono wake ukabaki juu ya goti. Wote tuliuona. Baba Mukubwa naye aliuona. Akamega tonge, akalichovya, akala. Akachukua kipande cha samaki, akala. Akamimina maji, akanywa nusu, akasogeza kikombe upande wa ndugu yake. Hapo ndipo Baba alipoanza kula, na alikula sana.

Sisi na Mama tulilala ndani ya nyumba. Baba alilala katika hema lake, na Kambo akadai kupandishwa tena, akasema juu kuna hewa na mbu hawafiki. Asubuhi tuliwakuta wote wawili wamekaa mlangoni mwa hema wakinywa chai, bibi akiwaamuru watu wa kijiji kutoka juu kama shefu wa kiwanda.

Alikufa mvua zilipoanza. Baba alikwenda, na kwenye matanga alilala ndani, juu ya mkeka, pamoja na wengine.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Mama kama siku ile alifurahi kukuta hakuna mwanamke. "Mwanamuke ningejua namna ya kumufukuza," aliniambia. "Lakini ile woga ya baba yako, ningeifukuza namna gani?"

Siku hizi mahema ya namna ile yanauzwa tayari. Nimeyaona juu ya motokari kubwa zinazopita njia ya Lubumbashi, yanajifungua yenyewe kama mwavuli. Mtoto wangu alinionyesha kwenye simu vijana wakiyatengeneza kwa mashine, muziki ukipigwa, na mwishoni wanalala porini kwa kujifurahisha tu. Nilimwambia babu yake alitengeneza la kwake kwa vitanda vibovu na uzi wa nyavu. Akaniuliza kama kuna video.

Watu wa leo nao wanashukuana, si kwamba tuliwazidi kwa hilo. Akifa mtu katika ukoo wetu, kabla hajazikwa zimeshatumwa sauti kwenye simu, fulani amefanya, fulani ameonwa, na jioni mtu anatolewa kwenye kikundi kwa kubonyeza kidole. Habari yake inaishia hapo. Hakuna anayetafuta mbao, hakuna anayepinda chuma ili apate pa kulala karibu na mtu anayemwogopa. Naikumbuka midomo ya mtaa wetu na sioni cha kuitamani. Lakini ule usumbufu aliojipa Baba, huo ninautamani.

Baba Mukubwa bado huja Likasi kutusalimia. Wote wawili ni wazee sasa, macho yamefifia, wanakaa uani na redio yao. Watoto wangu wanakula kila mmoja na sahani yake, kila mmoja na simu yake. Wazee wawili wanapakuliwa sahani moja. Baba ananawa, anaweka mkono juu ya goti. Baba Mukubwa, bila kuacha maneno aliyokuwa anasema, anamega tonge la kwanza, anachovya, anakula, na ndugu yake anafuata.

Watoto wanasema wanapenda kuona babu anavyomheshimu mkubwa wake, na mimi nawaambia ndiyo, zamani ndivyo tulivyofundishwa.